Maneno ya Nyumbani na Maneno ya Kitabu

Katika vijiji vyetu vya Kilimanjaro liko neno ambalo wazazi wengi hulisema kwa majivuno, nalo ni hili: "Mtoto wangu hajui Kichagga, ajua Kiswahili tu." Hulisema mbele ya mwalimu siku ya kumwandikisha mtoto, kana kwamba wamekwisha kumpandisha darasa moja. Nami hulisikia kwa heshima, maana najua ya kuwa wamefanya hivyo kwa kumpenda mtoto wao. Shule za msingi za serikali zafundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967. Mtihani ni wa Kiswahili, na kazi mjini hutafutwa kwa Kiswahili. Basi mzazi hufikiri ya kuwa kila neno la Kichagga limwingialo mtoto litasukuma nje neno moja la Kiswahili, kama vile debe lililojaa mahindi lisivyoweza kupokea maharage.

Mimi ni mwalimu, na kila mwaka huwapokea watoto wa namna zote mbili: waliolelewa kwa Kichagga, na wale waliokatazwa. Nataka kuwaeleza niliyoyaona, ili kila mzazi apime mwenyewe. Kichwa cha mtoto si debe. Tena mtoto aliyenyimwa Kichagga hapati Kiswahili zaidi kwa sababu hiyo. Mara nyingi hupata kidogo.

Siku moja niliwaambia watoto wa Darasa la Tano waandike jinsi mtori unavyopikwa nyumbani kwao. Hakuna mtoto wa hapa asiyeujua mtori, yaani ndizi mchare zilizopikwa pamoja na nyama, kisha zikapondwa. Nilidhani kazi itakwisha upesi. Lakini nilipokusanya madaftari niliona karibu yote yana maneno yale yale: mama anaweka sufuria, anaweka maji, anaweka ndizi, anaweka nyama, anatoa sufuria. Hapakuwa na aliyemenya ndizi, wala aliyeteleka chungu, wala aliyechochea moto, wala aliyeepua. Kazi zote za jikoni zilikuwa mbili tu, kuweka na kutoa. Na vyombo vyote visivyojulikana jina viliitwa kidude. Na watoto hao hao waliweza kuandika neno usanisinuru pasipo kukosa herufi moja, na kueleza vizuri jinsi jani litengenezavyo chakula kwa nuru ya jua.

Halafu nikaona jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya nifikiri sana. Wakati wa kuandika, watoto kadhaa walinyosha mikono. Mmoja alisema, "Mwalimu, liko neno la kuondoa chungu motoni, kwetu twalisema, kwa Kiswahili ni nini?" Nikamwambia, "Ni kuepua." Akaliandika, wala hajalisahau hata leo. Walionyosha mikono walikuwa ni wale wasemao Kichagga nyumbani. Wale wengine hawakuuliza neno lolote. Hawakuwa wavivu, wala hawakuwa na akili kidogo. Hawakujua kwamba kuna kitu cha kuuliza. Mwenye neno katika lugha moja hujua ya kuwa nafasi yake iko wazi katika lugha ya pili, naye huitafuta. Asiye na neno popote huona kuweka na kutoa vyatosha.

Sababu yake nini? Wengine husema Kiswahili ni lugha isiyo na maneno ya kutosha. Hao wamekosa. Mtoto wa Tanga au wa Bagamoyo hajui nazi tu; ajua kidaka, ajua kitale, ajua dafu, ajua koroma, kisha nazi yenyewe, maana kila umri wa tunda lile una jina lake. Mama yake hasemi mchele kwa kila kitu. Shambani ni mpunga, kinuni ukikobolewa ni mchele, katika sahani ni wali. Kiswahili cha pwani ni lugha ya nyumba nzima, tangu uwanjani hata mekoni. Lakini kilipopanda mlima wetu hakikupanda na mizigo yake yote. Kilikuja na maneno ya soko, ya baraza, ya shule na ya kanisa. Maneno ya jikoni na ya shambani mengi yalibaki pwani, kwa kuwa hapa kazi hiyo ilikuwa ikifanywa na Kichagga.

Nayo ilifanywa vizuri. Sisi twasema ndizi, na bibi asema mchare, asema kitarasa, na majina mengine mengi, akijua ipi ya kupondwa na ipi ya kungoja mpaka iive. Sisi twasema mfereji, na babu asema mfongo, naye ajua ni ukoo gani ulioutoa mtoni, na zamu ya leo ni ya nani, na nani hutengeneza ukingo ukibomoka. Sisi twasema shamba, na wao husema kihamba, maana ni migomba pamoja na makao, pamoja na makaburi ya wazee. Wao wana jani la isale, ambalo mtu huja nalo mkononi akitaka kuomba msamaha. Nasi katika Kiswahili chetu cha shule hatuna jani la namna hiyo.

Basi tazameni yanayotokea mzazi wa mlimani anapofunga mlango wa Kichagga. Kiswahili anachompa mtoto ni kile alichokipata yeye mwenyewe darasani na sokoni. Jioni, akiwa amechoka, maneno yake kwa mtoto huwa ni haya: njoo, kaa, leta, oga, nyamaza, fanya haraka, lala. Hiki ni Kiswahili cha amri. Kichagga chake kina hadithi, mizaha, vitendawili na majina ya mababu, lakini hivyo vyote ameviweka nje ya mlango. Mtoto hukua kati ya nyumba mbili tajiri, naye hapati kula katika hata moja.

Wala hasara yake si ya daftari tu. Nilikuwapo katika zahanati moja siku ambayo bibi mmoja mzee aliletwa na mjukuu wake, msichana wa miaka 12. Mganga aliyekuwa zamu alitoka mkoa mwingine, hakujua Kichagga. Naye bibi Kiswahili chake kilikuwa cha salamu. Mganga akauliza, na bibi akaeleza kwa maneno mengi na kwa taratibu, akionyesha kwa mkono. Msichana akasikiliza, kisha akasema, "Anaumwa tumbo." Mganga akauliza tena, tangu lini, na namna gani. Bibi akaeleza tena kwa urefu. Msichana akatazama chini, akasema, "Anasema tumbo tu." Ndipo nikaomba ruhusa nikasogea. Bibi alikuwa amesema ya kuwa maumivu huanza chini ya mbavu upande wa kuume, huja baada ya kula, hupanda mpaka mgongoni, na usiku humwamsha. Mganga aliposikia hayo aliandika, akamwuliza mengine, akampeleka hospitali. Yule msichana alikuwa akilia polepole. Alimpenda bibi yake sana, tena alikuwa mmoja wa wanafunzi wazuri. Hakuna aliyempa maneno.

Jambo hili si la mlimani kwetu tu. Duniani watoto wengi hukulia katika lugha mbili, na wataalamu wa nchi nyingine wamelipima jambo hili kwa hesabu, nami nataka kuwatajia machache, maana yalingana na tuyaonayo.

Huko Miami, katika Marekani, mwaka 1993, Barbara Pearson na wenzake walitoa hesabu ya maneno ya watoto wadogo 25 waliosikia Kiingereza na Kihispania tangu kuzaliwa, wakawalinganisha na wengine 35 wa lugha moja. Ukihesabu maneno ya mtoto wa lugha mbili katika lugha moja peke yake, waweza kudhani kwamba amepungukiwa. Ukiyajumlisha ya lugha zote mbili, hakupungukiwa na wenzake. Maneno yake yamewekwa katika vyumba viwili. Anayechungulia chumba kimoja asiseme nyumba ni tupu.

Tena huko Toronto, nchi ya Kanada, Ellen Bialystok na wenzake mwaka 2010 walitoa habari za watoto 1,738 wenye miaka 3 hata 10. Waliosema lugha nyingine nyumbani walijua maneno ya Kiingereza machache kidogo kuliko wale wa Kiingereza peke yake. Lakini walipoyachagua maneno ya watoto wa miaka 6 na kuyatazama moja moja, waliona upungufu ulikuwa hasa katika maneno ya nyumbani, kama ya jikoni na ya vyakula. Katika maneno ya shule hawakuachana sana. Nasi twaelewa sababu yake: mambo ya nyumbani mtoto huyajua kwa lugha ya nyumbani. Shule hufundisha maneno ya shule kwa kila mtoto aingiaye, lakini haina jiko wala zizi wala kitanda cha bibi. Maneno ya nyumbani hayana mwalimu mwingine ila watu wa nyumbani.

Hofu ya kwamba mtoto atakosa lugha ya nchi, hiyo nayo imejibiwa. Annick De Houwer alikusanya habari za jamaa 1,899 katika Flanders, huko Ubelgiji, ambao wazazi wao, mmoja au wote wawili, walikuwa na lugha nyingine zaidi ya Kiholanzi cha nchi ile. Katika makala aliyoitoa mwaka 2007 twasoma ya kuwa watoto karibu wote walisema Kiholanzi, lakini karibu robo ya jamaa zile watoto wao hawakusema ile lugha nyingine kamwe. Lugha ya nchi huja yenyewe kwa shule, kwa redio, kwa simu na kwa michezo ya njiani. Lugha ya nyumbani ndiyo iwezayo kufa katika kizazi kimoja, wazazi wakiwa hai na wakiisema wao kwa wao.

Labda mtasema, "Mwalimu, watutaka tukiache Kiswahili?" Hasha. Nakipenda Kiswahili, nacho ndicho ninachokiandika hapa. Nataka watoto wetu wakipate chote, pamoja na yale maneno yaliyobaki pwani. Lakini hawatayapata kwa amri zetu za jioni. Njia yake ni kitabu.

Mazungumzo ya watu, hata ya watu wenye elimu, hutumia maneno yale yale kila siku. Mwaka 1988 Donald Hayes na Margaret Ahrens walihesabu maneno ya Kiingereza yasiyo ya kawaida. Katika mazungumzo ya watu wazima waliosoma chuo kikuu waliyaona kama 17 katika kila maneno 1,000. Katika vitabu vya watoto waliyaona kama 31. Kitabu kidogo cha mtoto kilikuwa na maneno mageni mengi kuliko maongezi ya wasomi. Sidhani Kiswahili kina kanuni tofauti, maana nimeyaona hayo nyumbani mwa babu yangu.

Babu alikuwa na Biblia ya Kiswahili, ile iliyopigwa chapa mwaka 1952, na kila jioni baada ya chakula mmoja wetu alisoma fungu kwa sauti. Kisha babu aliuliza kwa Kichagga, "Umesoma nini?" Ilitupasa kueleza kwa Kichagga, wala hakukubali maneno ya Kiswahili yaliyovikwa nguo ya Kichagga. Hapo ndipo tulipogundua tusiyoyajua. Tulisoma habari za mchungaji na malisho. Lakini ng'ombe wetu wa mlimani hawaendi malishoni, hufungwa nyumbani na kuletewa majani na vigogo vya migomba. Babu alieleza jinsi mifugo ichungwavyo tambarare. Tulisoma pishi, akatuambia ni vibaba 4, akatafuta chombo tukapima mahindi. Tulisoma makapi, akaenda kuchukua ungo na kutuonyesha jinsi ya kupepeta ulezi, upepo ukayachukua makapi mbele ya macho yetu. Babu hakuwa mwalimu, na shule yake ilikuwa ya miaka 4. Lakini katika robo saa ile kila neno la kitabu lilipata mwenzake wa nyumbani, na yasiyokuwa na mwenzake tuliyajua kuwa ni mageni, tukayakaribisha kama wageni.

Tena lugha hizi mbili ni ndugu. Sisi wa Vunjo twasema mndu, Kiswahili chasema mtu. Twasema mana, Kiswahili chasema mwana. Mtoto akiyasikia yote mawili kwa mapana, huanza mwenyewe kuona jinsi moja linavyogeuka kuwa la pili, na hiyo ni elimu ambayo hulipiwa fedha nyingi vyuoni. Mangi Petro Itosi Marealle alionyesha jinsi lugha hizi ziwezavyo kukaa pamoja alipotoa kitabu chake *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera* mwaka 1947. Alieleza maisha ya Wachagga kwa Kiswahili, ili hata wasio Wachagga wasome. Hakuweza kukiandika kama asingalikuwa na lugha zote mbili mkononi.

Sasa yafaa niseme ya kutenda, maana shauri lisilo na kazi ni kelele. Kwanza, semeni na watoto kwa lugha ile mnayoijua kwa utimilifu wake. Semeni maneno mengi, si amri tu. Mkiwa shambani litajeni jina la kila mgomba. Mkiwa jikoni elezeni mnayoyafanya. Pili, kila jioni someni kwa sauti, hata kama ni ukurasa mmoja. Asiye na kitabu cha hadithi ana Biblia, ana kitabu cha nyimbo, ana gazeti hili. Tangu mwaka 1991 upo Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ambao umetoa vitabu vingi vya Kiswahili kwa watoto. Waulizeni walimu kama shule yenu inavyo, na kama mtoto aweza kuazima kimoja mpaka kesho. Tatu, mtoto akisha kusoma, na aeleze kwa Kichagga. Kama yuko bibi asiyejua kusoma, huyo ndiye msikilizaji aliye bora kupita wote, maana atauliza mpaka aelewe.

Najua ziko nyumba ambazo baba ni Mchagga na mama ni Mpare au Msambaa, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Nyumba hizo zisihuzunike. Baba na aseme chake, mama na aseme chake, na Kiswahili kiwe cha meza ya wote. Watoto wana nafasi. Na kama Kiswahili ndicho peke yake, basi kiwe Kiswahili chenye hadithi, chenye vitendawili, na chenye kitabu, wala kisiwe kile cha amri.

Wengine hujibu ya kuwa kazi ni nyingi na jioni ni fupi. Ni kweli. Lakini sisemi mfundishe somo. Neno moja jipya kila jioni ni maneno 365 kwa mwaka, na haba na haba hujaza kibaba. Shule itampa mtoto usanisinuru, nawaahidi. Hiyo ni kazi yangu, nami nitaifanya. Kuepua, mfongo na isale siwezi kumpa ipasavyo, maana darasani sina chungu, sina maji ya zamu, wala sina jirani aliyekosana nami. Hivyo viko kwenu, na wazee wanaovijua kwa majina bado wameketi barazani kwenu. Waulizeni jioni hii, watoto wakiwapo.